Mwanga wa Saa Kumi Usiku

Umbo jeupe linatokea upande wa kushoto, linapita mbele ya duka lililofungwa, na likishaivuka nguzo ya umeme linayeyuka. Halina miguu. Halina kivuli. Ukuta wa nyuma unaonekana kupitia tumbo lake, na kichwani limebeba kitu kipana mfano wa taji. Kwenye ngazi ya duka amelala paka. Umbo linapokaribia, paka anainua kichwa, macho yake yanawaka kama taa mbili, kisha anageuza shingo taratibu akilifuata mpaka linapotoweka. Saa iliyo kwenye kona ya juu inasoma 04:11. Kipande chote cha video ni sekunde kumi na nne.

Shangazi alinionesha kipande hicho barazani kwake, Ngamiani, Tanga, baada ya swala ya Magharibi, na kwa jinsi kidole chake kilivyojua mahali pa kubonyeza ili kirudi mwanzo, nilielewa kwamba hakuwa akikitazama kwa mara ya kwanza.

"Haya, fundi wa kamera," akasema. "Huyu nani?"

"Imetengenezwa," nikamjibu, kahawa yangu haijapoa.

"Imetengenezwa na nani? Huyu ni mwanga, mwanangu. Saa kumi usiku anatoka kuwanga."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Jibu langu lilinisumbua kwa wiki sita zilizofuata, kwa sababu nililitoa kwa sauti ya mtu anayejua, na sikuwa najua.

## Paka

Kabla ya kuingia katika kazi ya kufunga kamera za ulinzi nilipiga video za harusi kwa miaka kadhaa, na watu wa harusi wanajua mizuka. Nimewahi kumtoa bwana harusi ndani ya ua la waridi na kumpandisha bibi harusi mawinguni, wote kwa ombi la familia zao. Kuweka picha moja juu ya nyingine na kuipunguza uzito mpaka ionekane kama moshi ni kazi ya dakika chache. Ndiyo maana neno "imetengenezwa" lilinitoka haraka namna ile: nilikuwa nikitaja njia ambayo ningeitumia mimi.

Usiku ule nilikihamishia kipande kwenye kompyuta nikakitazama fremu moja baada ya nyingine. Chenga, yale madoadoa ya picha ya gizani, zilizokuwa juu ya umbo zilifanana na zilizokuwa ukutani, wakati kwa kawaida tofauti ya chenga ndiyo humsaliti mtu aliyebandika kitu juu ya picha ya mwingine. Umbo lilipofika kwenye nguzo lilipita nyuma yake, nguzo ikalikata katikati kama inavyomkata mtu yeyote. Hilo bado linaweza kufanywa na mtu mwenye subira. Lakini paka ndiye aliyenishinda. Ili kughushi video ile ilibidi mtu ampate paka anayegeuza shingo kwa mwendo uleule, kuelekea upande uleule, kwa sekunde zilezile, na kijana anayetafuta kucheka na wenzake hajisumbui kiasi hicho.

Nililala taa ikiwaka.

Niseme mapema msimamo wangu, ili msomaji asidhani nimeandika haya kuwakejeli wazee. Sina ugomvi na majini. Kurani imeyataja, nami nimelelewa nikiyakiri. Lakini Kurani hiyohiyo, katika Sura ya Al-A'raf, inasema kuwa shetani na kabila lake wanatuona kutoka mahali ambapo sisi hatuwaoni. Kwa hiyo swali lililonikosesha usingizi halikuwa kama viumbe hao wapo. Lilikuwa dogo zaidi na la kifundi zaidi: kamera ya bei nafuu, iliyofungwa juu ya mlango wa duka la rejareja, ilikuwa imeona nini?

## Kesi ya mwaka 1869

Katika wiki ya pili nilijikuta nikisoma habari za William Mumler, mchongaji wa vito wa Boston aliyeanza mwanzoni mwa miaka ya 1860 kuuza picha ambazo nyuma ya mteja hutokea umbo hafifu la marehemu wake. Marekani ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe, wafiwa walikuwa wengi, na biashara ilishamiri. Mwaka 1869 alishtakiwa New York kwa udanganyifu. Wapiga picha walisimama mahakamani wakaeleza njia moja baada ya nyingine ya kupata "roho" kwenye kioo cha picha. P. T. Barnum, mfalme wa maonesho, aliyeujua utapeli kwa kuuishi, alileta picha aliyopigwa kwa makusudi ikimwonesha akiwa na mzuka wa Abraham Lincoln.

Mumler akaachiwa.

Hakimu alisema kwamba, hata kama yeye binafsi aliamini kuna hila, upande wa mashtaka haukuwa umeithibitisha. Mashahidi walionesha jinsi picha za namna ile zinavyoweza kutengenezwa, lakini hakuna aliyeonesha jinsi Mumler alivyozitengeneza zile zake. Miaka michache baadaye mjane wa Lincoln mwenyewe alikaa mbele ya kamera ya Mumler, akatoka na picha ambayo mumewe amesimama nyuma yake, mikono juu ya mabega yake.

Nilisoma maneno ya hakimu yule nikajiona mimi barazani. Mimi pia nilikuwa shahidi wa namna hiyo, mwenye orodha ndefu ya hila na bila ushahidi hata wa moja. Mtu anayesema "inawezekana ilighushiwa" hajasema lolote kuhusu video iliyo mbele yake.

## Dukani

Nilikwenda kwa mwenye duka. Ni mtu mkarimu, na alikuwa amechoka kuulizwa. Akanipeleka kwenye chumba cha nyuma, kwenye mashine ya kurekodia iliyokuwa imefunikwa kwa kitambaa chenye vumbi, na hapo nikajua jambo la kwanza: kipande kilichozunguka mtaani hakikuwahi kutoka kwenye mashine ile. Mtu alikuwa amekirekodi kwa simu kutoka kwenye kioo cha televisheni ya duka, akakata kingo, akapeleka kwa mwenzake, na kila mkono uliokipokea ukakisukuma mbele huku programu ya simu ikikibana zaidi ili kiwe chepesi.

Hoja yangu ya chenga ilikufa palepale. Picha ikirekodiwa upya kutoka kwenye kioo, kila kitu kilichomo hupata chenga za aina moja, cha kweli na cha kubandika. Nilikuwa nimekosea mara ya kwanza kwa kusema imeghushiwa, na nikakosea mara ya pili kwa kutumia sababu mbovu kusema haikughushiwa. Paka tu ndiye aliyebaki upande wangu.

Rekodi ya asili ilikuwepo bado, ingawa kwa siku chache tu, kwa sababu diski ikijaa mashine hufuta ya zamani na kuandika mpya. Badala ya sekunde kumi na nne nilipata dakika sita. Nikalinganisha saa ya mashine na saa ya simu yangu: mashine ilikuwa mbele kwa dakika tatu. Nikaingia kwenye mipangilio. Ilikuwa ikirekodi fremu kumi kwa sekunde ili kuokoa nafasi, na kipengele cha kusafisha chenga za usiku kilikuwa kimepandishwa mpaka mwisho.

Hapo nilikaa chini, kwa sababu kipengele kile mimi mwenyewe nimekipandisha hadi mwisho kwenye maduka mengi. Wateja wanapenda picha safi.

## Kamera inavyoona gizani

Jioni inapoingia, ukisimama chini ya kamera ya ulinzi utasikia mlio mdogo: tik. Ni kichujio kidogo kinachosogea pembeni ndani yake. Mchana kichujio hicho huzuia miale ya infraredi, yaani mwanga ulio nje ya uwezo wa jicho letu. Usiku hukaa kando ili kamera iutumie mwanga huo, na taa ndogo zinazoizunguka lenzi huwashwa. Sisi tunaona mwanga wenye mawimbi ya urefu wa hadi nanomita 700 hivi. Taa nyingi za kamera hizi hutoa mwanga wa nanomita 850. Mtaa tunaoona mweusi, kwa kamera umemulikwa kama uwanja wa mpira.

Kiswahili kina neno moja, mwanga, kwa nuru na kwa mchawi atembeaye usiku. Shangazi alikuwa amepatia neno.

Sasa fikiria taa zimeizunguka lenzi yenyewe. Mwanga unatoka mahali palepale jicho la kamera lilipo, kwa hiyo kivuli cha mpita njia huangukia nyuma yake moja kwa moja, mahali ambapo mwili wake mwenyewe unakificha. Kila mtu anayepita mbele ya kamera ya namna hiyo, kama hakuna taa nyingine jirani, huonekana kama hana kivuli. Macho ya paka nayo huwaka kwa sababu yana utando unaorudisha nuru kule ilikotoka, na kule ilikotoka ndiko kamera iliko.

Uwazi wa mwili ulitokana na kile kipengele cha kusafisha. Picha ya gizani hujaa chenga, na ili kuziondoa kamera hulinganisha fremu zinazofuatana na kuzichanganya pamoja. Kilichosimama, kama ukuta, hutoka safi kabisa, kwa kuwa kipo mahali pamoja katika kila fremu. Kinachotembea hugawanywa: sehemu yake inachanganywa na ukuta uliokuwa hapo kabla hakijafika. Ukipandisha kipengele hicho mpaka mwisho, mpita njia anageuka ukungu unaoacha mkia. Miguu ndiyo inayopotea kwanza, maana katika hatua mguu unaonyanyuliwa huenda kwa kasi kuliko kiwiliwili, na ukiwa ndani ya ndala nyeusi kwenye barabara yenye giza hakuna kinachobaki. Baada ya nguzo ile kuna mahali ambapo nguvu ya taa za kamera inaishia. Pale umbo "liliyeyuka".

Lilibaki swali la weupe, nalo ndilo lililonichelewesha, kwa sababu wote tuliotazama tuliona sanda. Nilipata jibu nyumbani, kwa bahati. Nilikuwa najaribu kamera mpya sebuleni, taa zimezimwa, dada yangu akapita na buibui lake jeusi, na kwenye kioo akapita mtu aliyevaa nyeupe tupu.

Nikamwomba alete mabuibui mengine. Tukatundika matatu kwenye kamba, yake, la mama na la mke wangu, yote meusi tii. Mbele ya kamera mawili yakawa meupe kama sanda na moja likabaki jeusi. Rangi nyingi za vitambaa vya kisasa hutengenezwa ili zimeze nuru tunayoiona; ile ya infraredi huachiwa irudi. Mwanamke mwenye buibui anaweza kutoka kwake mweusi akarekodiwa mweupe, na wala hakuna aliyeghushi chochote.

Hapa nifungue mabano. Wateja wangu wengi wanaonipigia kwamba kamera imeona jini huwa wameona duara linalong'aa likielea, au uzi mweupe unaotikisika. Ni vumbi, mdudu au utando wa buibui mwingine, yule wa miguu minane, karibu kabisa na lenzi. Nakwenda na kitambaa laini na kutoza nauli.

## Taji

Jirani wa mwenye duka ana kamera yake, imefungwa karibu na taa ya barabarani, na kwa sababu ya taa hiyo haijawahi kuhama kwenda kwenye mwanga wa usiku. Hurekodi rangi mpaka asubuhi. Nilimwomba anioneshe saa kumi na dakika nane, baada ya kuondoa zile dakika tatu za mashine ya kwanza. Akapita mwanamke mwenye buibui jeusi, ana miguu yote miwili, ana kivuli kirefu, na kichwani amebeba beseni.

Ni mama anayeuza vitumbua. Huamka saa tisa, hutoka kwake saa kumi na beseni lenye unga uliokwisha kuumuka, na kwenda kuwasha jiko mahali anapopikia karibu na kituo cha daladala. Ameniruhusu kuandika habari hii kwa sharti nisitaje jina lake wala kituo.

Nilipomfuata kumweleza, alinisikiliza akigeuza vitumbua, kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Video ile alikuwa nayo kwenye simu. Aliletewa na mwanawe, akaogopa sana, na tangu siku hiyo aliacha kupita kwenye duka lile, akawa anazunguka kwa mtaa wa nyuma.

"Mie nikajua pale pana jambo," alisema. "Na saa zenyewe ndizo saa zangu!"

Alikuwa amejikimbia mwenyewe kwa zaidi ya mwezi. Kwa kuwa aliacha kupita, kamera haikuliona umbo tena, na kutoonekana tena kukawa ushahidi mwingine mtaani kwamba lile halikuwa la kawaida, maana mtu wa kweli angepita kila siku.

Sikumwambia lote nililokuwa nalijua. Wiki ya kwanza, wakati mimi nikihesabu chenga, vijana wa mtaa walikuwa wamekubaliana kuuvizia mwanga ule kwa marungu. Walikesha siku mbili pale dukani, wakachoka. Wakati huo yeye alikuwa akipita mtaa wa nyuma, na beseni lake, akiliogopa lilelile walilolisubiri. Katika nchi yetu wako bibi vizee waliouawa Usukumani kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu huo kwa wengi ulikuwa moshi wa jikoni. Mwaka 1995, wakati wa hofu ya Popobawa, jini aliyesemekana kuvamia watu usiku, watu wa Unguja na Pemba walilala nje kwa makundi bila hata picha moja ya kuwatia hofu. Macho ya mama huyu ni mekundu pia. Anapika kwa kuni.

## Karatasi na pini

Kuna picha nyingine ya kale ninayoifikiria zaidi ya zile za Mumler. Mwaka 1917, katika kijiji cha Cottingley huko Uingereza, Elsie Wright na binamu yake Frances Griffiths, mmoja wa miaka 16 na mwingine 9, walipiga picha wakiwa na viumbe wadogo wenye mabawa kando ya kijito. Mtaalamu aliyezikagua alisema hazikuchanganywa na picha nyingine, kila moja ilipigwa mara moja tu. Arthur Conan Doyle, aliyemtunga mpelelezi Sherlock Holmes, alizitetea jaridani mwaka 1920. Ukweli ulitolewa na wenyewe mwaka 1983, wakiwa wazee: zilikuwa sanamu zilizokatwa kwenye karatasi na kusimamishwa kwa pini za kofia.

Kuhusu kuchanganywa kwa picha mtaalamu yule hakukosea, ingawa alikosea aliposema pia kwamba viumbe wale hawakuwa wa karatasi. Picha ilikuwa halisi kweli. Ilikuwa picha halisi ya karatasi. Aliulizwa kama filamu imechezewa akajibu sawasawa, na watu wakalichukua jibu hilo kana kwamba ni jibu la swali jingine kabisa. Frances, hata baada ya kukiri, alishikilia mpaka kufa kwake kwamba picha ya tano na ya mwisho ilikuwa ya kweli.

Video ya Ngamiani nayo ilikuwa halisi. Hakuna aliyeigusa zaidi ya kukata kingo. Nadhani tunapoteza muda mwingi kutafuta mwongo, wakati mara nyingi hayupo. Kuna mashine iliyofanya ilivyoagizwa na watu waliosoma kwa haraka. Sasa ambapo akili mnemba inaweza kutengeneza mtaa mzima pamoja na paka wake, kuhesabu vidole na kukagua chenga kutatusaidia kidogo zaidi kila mwaka. Mimi siku hizi naanza na mengine: faili ya kwanza iko wapi, kilichotangulia na kilichofuata ni nini, kuna jicho la pili lililokuwa likitazama kutoka pembe nyingine, na je, nikisimama pale saa ileile, kamera ileile itanifanya nini?

Lakini kuna shaka ambayo sijaimaliza. Tuseme usiku mmoja kitu kisicho mtu kikapita kweli mbele ya kamera ile. Ningekuwa na maelezo tayari: fremu kumi, kichujio, kitambaa. Ningefunga daftari nikalala. Maelezo yangu yangefaa vizuri, kama yalivyofaa ya wale mashahidi wa New York, na hilo ndilo linaloniogopesha kidogo. Kinga pekee niliyoipata ni kwamba sikuishia kwenye maelezo. Nilimpata mwenye beseni. Kama nisingempata, nadhani ningelazimika kusema tu kwamba sijui, na kumwambia hivyo Shangazi ni kazi ngumu.

## Barazani tena

Nilimshawishi dada yangu atembee mbele ya duka lile saa kumi usiku, na buibui, na beseni. Alikubali kwa malipo ya doti moja ya kanga. Akatokea mweupe, hana miguu, ukuta ukionekana kupitia tumboni, na paka, ambaye inaonekana hulala pale kila siku, akamgeuzia shingo. Kisha nikakipunguza kile kipengele cha kusafisha. Mwenye duka analalamika kwamba picha yake sasa ina chenga nyingi.

Nikaziweka video mbili sambamba kwenye simu moja na kumpelekea Shangazi. Aliziangalia kwa makini, akairudisha ya pili, akairudisha tena.

"Huyu wa pili ni dada yako," akasema. "Namjua kwa mwendo. Huyo wa kwanza simjui."

Nikamwambia ni nani.

Hakujibu mara moja. Mbele yetu kulikuwa na sahani ya vitumbua, na chai ilikuwa inapoa. Alichukua kimoja, akakigeuza upande huu na ule, akakiuma.

"Kesho nitamtuma mtoto akanunue vingine," alisema. "Lakini jua likishatoka."